Taji la Majani la Nunzia Lapenna

Siku Nunzia Lapenna alipoondoka Castelvento kwenda Perugia kusomea sheria, nusu ya mtaa ilimsindikiza hadi kituo cha basi. Baba yake, Gerardo, fundi wa barabara za mkoa, alivaa koti lake la Jumapili ingawa ilikuwa siku ya kazi. Mama yake, Assunta, hakuacha kumweka sawa kola ambayo haikuwa na kasoro yoyote. Katika ukoo wao hakuna aliyewahi kukanyaga chuo kikuu. Na kwetu huku milimani mtu akishamaliza chuo, awe amesoma chochote, huitwa dottore, na mwanamke dottoressa, maisha yake yote, hata na muuza nyama. Basi kabla gari halijakata kona, kinyozi Vito alishampungia mkono: “Safari njema, dottoressa.” Watu wakacheka. Nunzia naye akacheka.

Mtihani wake wa kwanza ulikuwa historia ya sheria, akapata thelathini, ambazo ndizo alama zote. Assunta alipokea simu akiwa jikoni, na kabla ya chakula cha mchana habari ilikuwa imefika mpaka kwa padri.

Kisha ikaja sheria ya madai. Mitihani ya chuoni mingi ni ya mdomo: unaketi mbele ya profesa, na nyuma yako wamejaa wanaosubiri zamu yao, wakisikia kila neno unalokosea. Ukifikisha kumi na nane umefaulu. Profesa, mwanamke mpole mwenye sauti ya chini, alimsikiliza Nunzia hadi mwisho akampa ishirini na mbili. Mwanafunzi ana haki ya kukataa alama na kurudi siku nyingine, na Nunzia alikataa. Mtu wa thelathini, ishirini na mbili ingemharibia wastani.

Ilenia, msichana wa Terni aliyepanga naye chumba, alimshangaa. “Ungeichukua tu ukaenda zako,” alimwambia. “Nani atakuja kukuuliza hiyo alama uzeeni?”

Kiangazi alirudi, na swali la kwanza tu likamfuta kila kitu kichwani. Profesa alimwambia bila ukali aende akapumzike, aje Septemba. Septemba alifika mpaka ukumbini. Akasikia likiitwa jina lililotangulia lake, akainuka, akashuka ngazi, akatoka nje kwenye jua. Mama yake alipopiga simu kuuliza, Nunzia alijibu, “Ishirini na nane.” Lilimtoka kirahisi, kama anayetaja saa. Upande wa pili akamsikia mama akimpigia kelele bibi, ambaye alikuwa hasikii vizuri: “Ishirini na nane, mama!”

Angekuwa shuleni, mwalimu angemwita mzazi. Chuo hakina habari na mzazi wa mtu mzima. Wala hakuna anayefukuzwa kwa kutofanya mtihani. Msimu wa baridi kuna mitihani, kiangazi ipo, Septemba ipo tena, na ukikosa huu unaambiwa karibu ujao. Ukilipa ada wewe ni mwanafunzi, na ukipitiliza miaka ya kozi yako unaitwa wa nje ya muda, na walio nje ya muda ni wengi kiasi kwamba hakuna anayewanyooshea kidole. Nunzia angeweza kukaa hivyo mpaka nywele ziote mvi.

Kila asubuhi alikwenda maktaba akaketi kiti kilekile karibu na dirisha, akafungua kitabu kilekile. Alijua ni ukurasa gani una doa la kahawa. Hakujua umeandikwa nini. Walioanza naye kozi za miaka mitatu walimaliza, wakaenda kwingine kuongeza miwili. Ilenia alimaliza shahada yake ya lugha, akavikwa taji la majani wanalovikwa wahitimu, akahama na sufuria zake. Sheria ni miaka mitano mfululizo, na hilo lilimpa Nunzia nafasi ya kuendelea kudanganya. Alijitungia mitihani. Alijigawia alama za wastani ili ziaminike, na safari moja akajipa kumi na tisa. Mama yake akamfariji kwenye simu muda mrefu, akamwambia kumi na tisa si aibu, ale vizuri, alale. Siku hiyo ndiyo iliyomuuma kuliko zote.

Mara nyingine aliwaza kuhamia kozi fupi na kuanza upya. Lakini ili ahame ingebidi aseme kwa nini anahama. Alitafuta njia ya kutoka ambayo haipiti mezani kwao Castelvento, na hakuipata. Nyumbani alikwenda Krismasi na Pasaka tu, na kila alipopita mbele ya kinyozi aliitwa dottoressa, akaitika.

Miaka mitano ikaisha. Alisema profesa wa tasnifu anaumwa. Akasema tasnifu inarekebishwa. Kisha bibi Incoronata akaanguka jikoni, akalazwa, akarudi nyumbani amekonda, na Assunta akapiga simu akiwa na sauti ya mtu aliyekwisha amua.

“Bibi yako anataka akuone na taji kabla hajafumba macho,” alisema. “Niambie ni lini.”

“Machi,” Nunzia alisema. Hata yeye hakujua kinywa kimelitoa wapi neno hilo.

Kufikia Februari mkahawa wa Mzee Canio ulikuwa umeshashikwa. Lozi zenye sukari nyekundu, zile za kugawia wageni mtoto akihitimu, zilikuwa zimeagizwa. Shangazi wa Turin alikuwa na tiketi. Ikiwa imebaki wiki moja, Nunzia alipanda basi akaenda kwao, na njia nzima hakutoa macho kwenye mgongo wa dereva.

Aliwaambia mezani, mchana, sahani zikiwa zimepakuliwa. Hakupamba. Alisema hana shahada, hatakuwa nayo Machi, mtihani aliofaulu ni mmoja na mingine miwili midogo ya mwaka ule wa kwanza. Gerardo aliweka uma chini. Bibi, ambaye hakuwa amesikia kitu, aliendelea kula. Assunta alikuwa anakwangua jibini juu ya tambi, na mkono wake haukusimama mpaka kipande kilipokwisha.

“Nani mwingine anajua?” aliuliza.

“Hakuna mtu.”

“Basi hakuna la kujua. Watu wameshaalikwa.”

Nunzia alidhani hajamwelewa. Alikuwa amejiandaa kwa kilio, kwa kofi, hata kwa kufukuzwa, na yote hayo alikuwa ameyatamani kwa namna fulani, kwa kuwa yangekuwa mwisho. Alimgeukia baba yake. Gerardo alikuwa anatazama mikono yake mwenyewe.

“Mama, siwezi.”

“Umeweza miaka yote hiyo,” Assunta alisema. “Siku moja zaidi haitakuua. Ukweli wako ukimuua bibi yako, mzigo huo utaubeba wewe?”

Wageni waliambiwa chumba cha kutetea tasnifu ni kidogo, wataingia wazazi tu, sherehe itakuwa Castelvento. Siku yenyewe walikwenda Perugia watatu na gari la Gerardo, na njiani redio haikuwashwa. Assunta alinunua taji kwa muuza maua, lenye utepe mwekundu. Uwanja wa mbele ya chuo ulikuwa umejaa wahitimu wa kweli, wanarushiwa karatasi za rangi, wanaimbiwa nyimbo za matusi na marafiki zao kama ilivyo desturi. Nunzia alisimama kando ya nguzo na taji kichwani. Baba yake alishika simu mbali na uso ili ampige picha.

“Cheka kidogo,” alimwambia, taratibu sana, kama anayeomba.

Mama mmoja wa hapo aliyekuja kwa mwanawe aliwaona watatu wamejitenga, akawafuata akajitolea kuwapiga picha wote pamoja. Akambusu Nunzia mashavu yote mawili akampongeza. Picha hiyo ndiyo iliyotundikwa sebuleni.

Kwenye mkahawa wa Mzee Canio walikula mpaka alasiri. Bibi Incoronata aliligusa lile taji kila jani. Ilipofika zamu ya baba kusema neno, Gerardo alisimama na bilauri ya mvinyo, akatazama meza zote, akasema, “Kuleni,” akaketi. Watu walipiga makofi. Walidhani ni furaha imemzidi.

Bibi alizikwa kabla ya mavuno. Nunzia alidhani sasa ataachiwa. Lakini kila alipofungua mdomo mama yake alimkumbusha waliokula lozi, na shangazi wa Turin, na zawadi. Uongo uliokuwa wake peke yake sasa ulikuwa wa watu watatu, na wawili kati yao hakuwa na uwezo wa kuwasemea. Hakuweza kutafuta kazi ya sheria, maana hana cheti. Hakuweza kutafuta nyingine, maana dottoressa hafui mashuka ya hoteli. Akakaa ndani. Assunta aliwaambia watu anajiandaa na mtihani wa uwakili.

Watu wakaanza kuja. Mwanzo yalikuwa mambo madogo, karatasi za pensheni, faini ya gari, na Nunzia aliwasaidia kama ambavyo yeyote anayejua kusoma angesaidia. Kisha akaja Mjomba Rocco, si mjomba wa damu, mzee wa nyumba ya tatu aliyemjua tangu anatambaa. Mahakama ilikuwa imempa jirani yake kisima na kipande cha shamba la mizeituni. Rocco alikuja na kikapu cha mayai, akaketi jikoni, akasema anataka kukata rufaa.

“Yule wakili wa Potenza nimemwambia asijisumbue,” alisema. “Nimemwambia mimi ninaye wa kwetu. Niambie tu mwanangu, muda bado upo?”

Assunta, aliyekuwa ameegemea sinki, alisema Nunzia ataangalia amjibu wiki ijayo. Nunzia alimtazama mzee. Hakujua kama muda bado upo. Alijua tu kwamba rufaa ina siku yake ya mwisho, na ikipita imepita, na mtu huyu angekaa kwake akingoja kwa amani mpaka kisima kiende.

“Mjomba Rocco,” alisema, “mimi si wakili. Wala sikumaliza chuo. Mpigie yule wa Potenza leo hii, umwombe radhi.”

“Unanitania.”

“Sikutanii. Tumia simu yetu, ile pale.”

Mzee alimwangalia Assunta, na Assunta akageukia ukuta. Hapo akaelewa. Alipiga simu amesimama, akiwa amevua kofia, kisha akaondoka. Mayai aliyaacha. Wakili aliwahi, rufaa ikaingia. Jioni ile kwa kinyozi Vito hakukuwa na mazungumzo mengine.

Assunta aliishusha picha ukutani, akaacha kwenda misa ya Castelvento, akawa anasali kijiji cha pili. Wala hakumsemesha tena binti yake. Gerardo alimpeleka Nunzia bondeni kwenye kiwanda kidogo cha jibini, akamwombea kazi mwenyewe, na huko akapanga chumba juu ya duka. Miezi ya kwanza wateja walimwita dottoressa kwa kumkejeli, wakamuuliza kama jibini ya rikota ina digrii. Aliwapimia, akawafungia. Mikono yake ilinuka maziwa, na asubuhi akiamka hakuwa na kitu cha kukumbuka kutunga.

Msimu wa baridi ulipoisha, Jumamosi moja, aliinua macho akamwona mama yake kwenye foleni. Amesimama nyuma ya wanawake wawili wa Castelvento, mkoba ameukumbatia kifuani. Assunta alingoja zamu yake kama wengine.

“Ile ya mbuzi ni ya leo?” aliuliza.

“Ya leo, mama.”

“Nifungie nusu.”

Nunzia alikata, akapima, akafunga kwenye karatasi. Mama yake aliipokea, akaiweka ndani ya mkoba, akachelewa kuufunga.

“Kesho tunakula saa saba,” alisema. “Baba yako akikaa na njaa hasemeki. Usichelewe.”