Vyumba Nilivyoongeza Katika Maktaba

Mimi hakuna kitu kinaweza kunishangaza. Nilianza kwa kubeba maji ya kuchanganya sima ya kujengea, nikiwa na shule ya mwaka wa nne tu, na leo nusu ya nyumba za ghorofa za mtaa wa Bigo ni mukono wangu. Ukibisha, enda uulize.

Kwa hiyo inivesite, chuo kikuu chetu, ilipotaka maktaba mupya, ilinitafuta mimi. Plani ilichorwa na enjeniere, mama kijana wa upande wa Mahagi. Niliikunjua mbele ya wafanyakazi: nguzo, madirisha, paa. Ndani, hakuna ukuta hata mumoja! Nikacheka. Huyu mutoto amesahau vyumba. Na siye huku Bunia nyumba inahesabiwa kwa vyumba. Rekteri, mukubwa wa inivesite, atafunga mulango gani? Enjeniere alikuwa amesafiri wiki mbili. Nikaamua kumufunikia aibu yake. Nikajenga vyumba sita vya briki za kuchoma, kwa mufuko wangu, zawadi. Hata plasta nilipiga.

Alirudi zikibaki siku tatu rekteri aje kupokea nyumba.

"Papa, hii ni nini?"

"Vyumba, mama. Ulisahau. Usinishukuru."

"Sikusahau. Hii maktaba itakuwa inabadilika. Leo vitabu, kesho kompyuta, kesho kutwa mutihani wa watu mia. Kuta zake ziko na magurudumu."

"Magurudumu? Mama, ni ukuta ao ni pikipiki?"

Wafanyakazi wakaangua kicheko, naye pia. Halafu akaacha kucheka. "Papa, rekteri akikuta hizi briki, lile jengo la pili inivesite inataka kujenga, la maabara, atapewa mutu mwingine."

Hapo nikashika nyundo. Lile jengo nilikuwa nimeshalitangaza soko nzima kwamba ni langu.

Tulibomoa siku mbili. Siku ya tatu lori likaleta kuta zake za mbao. Akaniambia nisukume. Nikasukuma kwa mukono mumoja: chumba cha kusomea kikawa ukumbi. Nikasukuma tena, ukumbi ukawa vyumba vinne. Rekteri alinikuta ningali nasukuma, jasho linanitiririka.

"Papa, haujachoka?"

"Napima tu kama iko sawa, bwana rekteri."

Maabara nilipewa. Siku hizi mutu akitaka nimujengee, namuuliza kwanza kama hataki ukuta wenye magurudumu. Ila zawadi yangu hakuna aliyenirudishia: briki, sima, wajenzi, na walewale wajenzi tena kwa kubomoa, dola elfu moja mia mbili makumi munane na tatu.