Kisima cha Wakfu Mita Kumi na Moja

Bi Mwanamkuu binti Thabit alirithi nyumba Tabora mjini pamoja na kisima cha uani. Baba yake alikuwa amekiweka wakfu: maji yasiuzwe, kisifungwe, na mpita njia yeyote apewe. Kwa miaka thelathini Bi Mwanamkuu alifungua mlango wa ua alfajiri, akaufunga baada ya isha.

Mwaka 1974 kila nyumba iliamriwa kuwa na choo cha shimo refu chenye mfuniko. Shimo la choo chake cha zamani lilikuwa fupi, basi akachimba kingine. Shomari, bwana afya wa mtaa, alimwonyesha mahali na kumpa cheti.

Mwaka uliofuata Shomari alirudi na kamba ya kupimia.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba. Leo unanipimia sanda?”

“Napima choo na kisima. Amri mpya inataka mita thelathini. Hapa ni kumi na moja.”

“Si wewe uliyenionyesha pa kuchimba?”

“Ni mimi.” Shomari aliinama. “Mwaka jana nilipewa karatasi ya vyoo tu. Ya visima imekuja sasa.”

Jirani Batuli, aliyekuwa akivuta ndoo, alicheka. “Wewe uliogeshwa kwa maji haya ukiwa kichanga, na hukufa!”

“Wakati huo choo hakikuwa hapa, shangazi.”

“Basi nakifukia choo,” alisema Bi Mwanamkuu.

“Nyumba isiyo na choo inapelekwa mahakamani.”

“Nakihamisha.”

“Wapi, bibi?”

Wote watatu waliutazama ua. Hakuna kona iliyofika mita thelathini.

“Ua wenyewe haunenepi,” alisema Batuli, safari hii bila kucheka.

Shomari alileta mbao na kufuli ili kukifunga kisima. Bi Mwanamkuu alikataa kushika hata msumari. “Funga wewe. Mimi nilimwahidi baba.”

Alfajiri alifungua mlango kama kawaida. Watu waliona kufuli, wakarudi na ndoo tupu. Ikamwuma. Akaweka mtungi na kikombe mlangoni, akawa anaujaza kutoka bomba la mtaa, ambalo hutoa maji kwa saa mbili tu kwa siku.

Binti yake Tufaha alipojifungua huko Kaliua, shemeji yake Bi Mwanamkuu alikuja na tiketi ya treni mkononi.

“Siku tatu tu, shemeji. Mjukuu wa kwanza!”

Bi Mwanamkuu aliitazama tiketi, akautazama mtungi mlangoni, akamrudishia tiketi.

“Mwambie Tufaha anibusie mtoto,” alisema, akachukua ndoo kuwahi foleni ya bomba.