Mikebe Minne ya Simenti

Wakati wa Zaïre nilitaka kazi moja tu: kubeba magunia ya kahawa kwenye bandari ya Bukavu. Ilianza alfajiri na kwisha saa tisa, kwa hiyo jioni ningeweza kukaa kwenye deski la shule pamoja na watu wazima wenzangu. Sharti la kapita, msimamizi wa wapakizi, lilikuwa fupi: uinue gunia peke yako, ulipandishe kwenye ubao mpaka ndani ya boti, bila kuyumba.

Programu ya mazoezi niliipata kwenye ukurasa wa gazeti la Kifaransa uliofungiwa karanga. Ilidai vyuma vya kila uzito, benchi na kioo. Mimi nilikuwa na mabomba mawili mafupi na mikebe minne ya maziwa ya unga. Nikamimina simenti, mkebe kila ncha ya bomba. Chuma cha kwanza nilichanganya na kokoto za ziwani. Zilipokwisha, cha pili nikatia mawe meusi ambayo jirani alileta kutoka Goma.

Gazeti lilisema kila wiki uongeze uzito. Niongeze nini, ukuta wa nyumba? Nikaongeza upole: kupandisha kwa pumzi moja, kushusha nikihesabu mpaka tano, halafu mpaka saba. Baada ya miezi mitatu vifungo vya shati vilikuwa vinaruka kabla sijalivaa.

Siku ya jaribio nilishuka bandarini kama mtu anayekwenda kubeba boti yenyewe. Mkono wa kulia ulipanda na gunia. Wa kushoto ukabaki njiani. Gunia likageuka, likaniangusha, likanilalia.

“Papa, gunia njo iko inakubeba weye!” wapakizi wakapiga kelele.

Kapita hakucheka. “Citoyen, mukono moja iko kazini, ingine iko mu congé, iko inapumuzika. Rudi kisha myezi mbili.”

Nikapeleka vyuma vyangu kwa maman aliyeuza maharagwe jirani na kwetu, akavitundika kwenye mizani yake, cha kulia kwanza, kisha cha kushoto.

“Tonton, hii ya kushoto inakudanganya. Inapunguka kilo mbili! Uliweka jiwe gani?”

“Ya Goma.”

“Ile ya volkano, ya matundu-matundu? Hata kuku yangu inaweza kuibeba!”

Simenti ilikuwa imekwisha. Basi nikabadilisha mikono. Kizito kikaenda kushoto, na mkono wa kushoto ndio ukawa mkubwa wa nyumba: ukichoka kwenye mara ya nane, wa kulia nao unasimama kwenye nane, hata kama unaomba mia.

Miezi miwili ilipotimia, gunia lilipanda begani limenyooka kama suti ya abakosti iliyopigwa pasi. Ubao ulipinda, mimi sikupinda.

“Congé imeisha?” kapita akauliza.

“Imeisha, kapita.”

“Basi shuka. Iko ingine mia mbili.”

Jioni ile nilikuwa wa kwanza kufika darasani, nikakaa mbele kabisa, na sikuweza kuinua kalamu.