Mishale Sitini Ambayo Sikuipiga

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika saa moja kasoro robo asubuhi, na duka lilikuwa likifunguliwa saa tatu. Ndivyo nilivyo. Mke wangu husema mimi huogopa hata chai ikichelewa kupoa. Nilikuwa nimetembea kutoka Berea hadi Bertrams, hapa Johannesburg, nimevaa koti la kanisani, na kwa saa mbili nikasimama mbele ya mlango wa chuma nikijiuliza fundi cherehani wa Bukavu, mwenye miaka hamsini na saba, anatafuta nini kwenye duka la pinde. Mwaka ulikuwa 2015.

Aliyenifungulia alikuwa Mkuu wa Karakana. Alikuwa mwenyeji wa Afrika Kusini, lakini alizaliwa Morogoro wazazi wake wakiwa uhamishoni, kwa hiyo Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kuliko changu. Alinipa kijiti chenye uzi mwembamba, akanionyesha upote, yaani ule uzi mkuu wa upinde.

"Mzee, zungushia hapa katikati, mahali mshale unapokaa. Uzi ubanane, kidole kisihisi mlima wala bonde."

Nikazungusha. Akapitisha kidole mara ya kwanza, akarudia.

"Eish! Wewe hukuja kujifunza, umekuja kutufundisha."

Nikafurahi kwa dakika moja hivi. Halafu nikaanza kuogopa kwamba kesho nitaharibu.

Kwa vijana ambao hawajawahi kuugusa, upinde wa siku hizi si fimbo na kamba. Una kapi mbili, yaani vigurudumu, moja kila ncha, na upote hupita juu ya kapi hizo. Ndani ya nyuzi za upote tunapenyeza kipete kidogo chenye tundu. Mwindaji akivuta, tundu hilo huja mbele ya jicho lake, naye hulenga kupitia humo. Kipete kikigeuka kidogo tu, jicho huhangaika kulitafuta tundu, kichwa husogea, na mshale huenda usikotakiwa. Na upote mpya ni kama kitambaa ambacho hakijafuliwa, hujui kitakaaje. Hurefuka, hujisokota, hupeleka kipete upande. Ndiyo sababu sheria ya karakana ilikuwa mishale mia. Fundi alipaswa kuupigia upote mpya mishale mia kwenye uwanja mdogo wa nyuma, akirekebisha kipete kila kinapogeuka, kisha atie sahihi kadi inayofungwa kwenye upinde. Mteja alikuwa haangalii kitu kingine, anaangalia kadi.

Mwaka wa kwanza niliwekwa meza ya mishale, kubandika manyoya. Mwaka wa pili nikapandishwa meza ya nyuzi. Mwaka wa tatu Mwenye Duka, mzee mkali aliyependa kusema "fundi akae karibu na kazi yake", akaanza kunipeleka kwenye mashamba ya wanyama upande wa jimbo la Free State, nikae na wawindaji mafichoni ili kitu kikikatika nikifunge. Huko ndiko nilikojifunza uwindaji wenyewe, ingawa sijawahi kuua hata njiwa.

Springboki ni swala mdogo wa nyanda zilizo wazi. Hana kichaka cha kujificha, kwa hiyo amejaliwa macho na miguu. Humwendei kwa kunyata, atakuona ukiwa bado mbali. Dawa yake ni kumngojea kwenye maji wakati wa kipupwe, ambapo huko mvua hainyeshi, ndani ya kibanda cha mabati kilichofukiwa nusu ardhini. Kwanza unauliza upepo: lazima utoke kwa mnyama uje kwako, la sivyo mnaangaliana na maji matupu siku nzima. Pili, unavaa nguo nyeusi, na dirisha la nyuma linafungwa kabisa, kwa sababu mwanga ukipita mgongoni mwako, kivuli chako kinaonekana waziwazi. Tatu, mnyama akifika humpigi. Unamwacha anywe. Mlio wa upote humfikia kabla ya mshale, na akiwa macho huinama ghafla, mshale ukapita juu ya mgongo au ukampata vibaya. Unangoja ainamishe kichwa, asimame ubavu, mguu wa mbele utangulie kidogo, ndipo mapafu yanakuwa wazi. Na ndani ya kibanda hakuna kusema. Hata kumeza mate unajiuliza.

Sasa nifike pale ninapoogopa kufika.

Mwaka 2018 alikuja dukani Daktari, mama wa makamo, mpasuaji katika hospitali moja ya jiji. Alikuwa amefanya mazoezi mwaka mzima na Jumamosi ya juma hilo ingekuwa safari yake ya kwanza. Upote wake mpya nilimaliza kuutengeneza Alhamisi jioni. Ijumaa nilikuwa na siku yangu ya karatasi za ukimbizi Pretoria, na foleni ya karatasi hatuijadili. Niliporudi karakana ilikuwa saa tisa na nusu. Nikapiga mishale arobaini. Kipete kilikuwa bado kinageuka, kidogo tu, upana wa ukucha. Mkuu wa Karakana alikuwa ameshika funguo mlangoni.

"Mzee, tayari?"

"Tayari, chef," nikajibu, kama tunavyomwita mkubwa wa kazi kwetu Kongo.

Nikatia sahihi kadi.

Asubuhi ya Jumamosi, shambani, Daktari alijaribu mishale mitatu na yote ikakaa mahali pamoja. Nikamshukuru Mungu, nikajiona mjinga kwa kukosa usingizi. Tukaingia kibandani. Lakini kufikia saa sita mabati yalikuwa yamepata moto, hata kipupwe yanapata moto, na joto hulegeza upote mpya. Daktari akauvuta upinde taratibu kujinyoosha mabega, akaurudisha. Nami nikakiona kipete. Kilikuwa kimekwenda upande.

Nilitaka kumgusa bega. Nikawaza kadi, nikawaza Mwenye Duka akiisoma sahihi yangu, nikawaza nina miaka sitini, nani mwingine Johannesburg nzima ataniajiri? Nikajiambia labda swala hawatakuja leo. Walikuja. Dume mmoja na majike manne, wakisimama, wakitazama, wakisogea, wakisimama tena. Walichukua robo saa nzima kufika majini. Robo saa nzima nilikuwa na mdomo.

Dume akainamisha kichwa. Daktari akavuta, nikaona kichwa chake kikisogea kidogo, kikitafuta tundu. Mshale ukatoka.

Ulimpata nyuma, tumboni. Dume akaruka, akatembea mgongo umepinda, akapotelea nyuma ya mwinuko.

Mnyama aliyepigwa mapafu unamngoja nusu saa ndipo unafuata damu. Aliyepigwa tumbo unamngoja saa nyingi, maana ukimfuata mapema anakimbia na maumivu yake hadi humpati tena. Kwa hiyo tukakaa mle mle kibandani, mimi na yeye. Hakulia. Aliinua mkono wake wa kulia mbele ya uso, akautazama mbele na nyuma.

"Umetetemeka," akasema. "Sikuuhisi, lakini umetetemeka. Na Jumatatu nampasua mtoto."

Hapo woga wangu wote ukapata mwenzake mkubwa zaidi.

"Daktari," nikasema, "mkono wako hauna kosa. Ni upote. Nilipiga mishale arobaini, nikaandika mia."

Aliushusha mkono.

"Ulijua lini?"

"Ulipojinyoosha. Nilikiona kipete."

"Kabla hawajafika?"

"Kabla."

"Na ukakaa kimya."

"Nilikaa kimya, Daktari."

Saa kumi na moja tukatoka kibandani. Tulimfuata dume kwa damu nyeusi, tone hapa, tone kule, nikiwa nimepiga magoti kama ninayetafuta sindano iliyoanguka. Tulimkuta amelala akiwa bado hai. Msimamizi wa shamba, aliyetufuata na bunduki, alimmaliza. Daktari hakugeuza macho, nami nikaona haya kugeuza yangu.

Jumatatu nilikwenda kwa Mkuu wa Karakana kabla hajavua koti.

"Chef, ni mimi njo nilikosa," nikasema kwa Kiswahili cha kwetu Bukavu. "Kadi ya Daktari nilidanganya."

Alikaa juu ya stuli. "Mzee, mimi ndiye niliyesimama na funguo. Nilikuona una haraka, sikuuliza." Akaenda mwenyewe kumweleza Mwenye Duka. Sikufukuzwa. Nilirudishwa meza ya manyoya, na baadaye niliporuhusiwa tena nyuzi, kadi zangu zikawa zinatiwa sahihi na mtu wa pili.

Majuma matatu baadaye Daktari aliingia na upinde wake. Nilisimama nikakosa pa kuweka mikono.

"Mtoto anaendelea vizuri," akasema. "Sasa baba, mishale sitini iliyobaki. Nataka kuiona."

Tukaenda uwanja wa nyuma. Nilipiga, yeye akahesabu kwa sauti. Kwenye wa thelathini na mbili kipete kiligeuka, nikakirekebisha, nikaendelea. Mabega yaliniwaka moto. Alipofika sitini aliuchukua upinde, akanishukuru, akaondoka. Sikumwona tena, wala sijui kama aliwahi kurudi mafichoni.

Nilistaafu mwaka 2019, macho yaliposhindwa na nyuzi. Vijana wa karakana huja nyumbani Berea kuniuliza mambo ya nta na kapi, nami nawajibu. Lakini kinachoniamsha mimi ni ile robo saa. Uongo wa kadi niliuandika kwa haraka, na haraka hiyo nimeiombea msamaha. Ile robo saa sikuwa na haraka yoyote. Nilikaa nikimtazama mama wa watu akijiandaa kukosea kwa kosa langu, na neno moja tu lingetosha. Swala angekimbia, na kesho yake angerudi kunywa maji.