Punda milia ambao baba aliahidi

Wakati wetu, batoto ba kambi ya reli ya Makomeno, nyama haikuliwa bila hadithi. Baba alikuwa anafanya kazi ya treni. Akirudi kutoka kaskazini analeta mguu wa nyama ya pori, mara nyingi punda milia, imekauka kwa moshi, kwato imeachwa palepale ili muntu asiseme ni mbwa. Mama amesonga bukari, ugali wetu, mate yanatujaa mdomoni, lakini baba anainua mukono: "Mbele ya kula, mujue hawa punda walipita namna gani." Ndipo anaanza. Punda milia wanakata reli, mingi, mpaka treni inasimama na mashinisti anachoka kupiga honi. Tulinuna, lakini tulisikiliza! Batoto ba leo, ukisema neno mbili tu, macho iko tayari kwenye telefone.

Mimi masomo niliyaacha kwenye primaire, shule ya musingi. Leo niko na malori, niko na nyumba ya ghorofa kule Annexe, na bantu ba diplome wananiomba kazi. Basi batoto wangu walipoanza kumucheka muzee, babu yao, "Kambo, punda ya kusimamisha treni? Wacha uongo!", nilikasirika. Baba akawaahidi: "Mutabaona na macho yenu." Nikamuweka baba mbele ya jeep yangu, batoto nyuma, tukapanda mpaka kwenye parc ya wanyama.

Tulizunguka toka asubuhi. Nyasi. Upepo. Magunia ya makala ya kupikia kando ya njia. Mulinzi akasema: "Patron, punda milia walibakia kidogo sana, na wanakimbia motokari."

"Nitalipa mara mbili."

"Utamulipa nani, patron?"

Nikarudisha pesa mufukoni. Maisha yangu yote niliamini kila kitu iko mahali fulani, inangojea mwenye kuwa na motokari ya nguvu.

Baba alikuwa ameshika mulango, shingo mbele, anatafuta. Jua likashuka. Akasema polepole: "Rudisha gari. Hawa punda, tulibakula bote."

Kule nyuma, binti yangu mudogo akauliza, bila ubaya: "Papa, sasa Kambo alikuwa anatunga?"

Baba alisikia. Hakugeuka.

Zamani tulikuwa na nyama kidogo na muzee wa kuaminika. Sasa friji yangu imejaa kuku, na mezani kila muntu anakula kimya. Juzi nilimuomba baba mimi mwenyewe, mbele ya batoto: atueleze tena siku ile ya reli. Alisukuma sahani yake pembeni.

"Sijui tena, mwanangu," akasema. "Pengine nilikuwa nasinzia."