Katika Karantini ya Kompyuta Yetu

Kompyuta ya nyumbani kwetu ilianza kusumbua majira ya mvua. Mwanzoni ilichelewa tu kuwaka. Nilikuwa naibonyeza, naenda kuoga, narudi, naikuta bado inazungusha kile kiduara chake. Baadaye ikawa inawaka, inaonyesha picha ya mwanzo, inazimika, inawaka tena yenyewe. Halafu ukaja ujumbe mwekundu wa Kifaransa: ulinzi umezimwa, kuna hatari, bonyeza hapa. Nikabonyeza. Ujumbe wa pili ukaja juu ya wa kwanza, wa rangi nyingine, ukisema jambo lile lile.

Mimi ni mwalimu wa jiografia hapa Kamina. Kompyuta ile ya mezani niliinunua Lubumbashi ikiwa imekwisha tumika, nikaileta kwa treni nimeikumbatia kama mgonjwa. Nilikuwa naandikia maswali ya mitihani. Mke wangu ni mshonaji, naye alikuwa na folda yake humo, jina lake "Couture", yaani ushonaji, anamoweka picha za mitindo anayoletewa na wateja. Nilimfundisha mwenyewe kufungua na kufunga. Zaidi ya hapo sikujua anafanya nini nayo, na kusema kweli sikuwahi kuuliza. Watoto wetu wawili wako Lubumbashi kwa masomo, kwa hiyo nyumbani tulikuwa wawili tu.

Na wawili hao hawakuwa wakizungumza. Kwa miezi minne hivi mke wangu alikuwa amebadilika. Alipika, alinijibu nilipomuuliza, lakini hakunianza kwa neno. Tukitoka kanisani alinitangulia njiani kama mtu mwenye haraka. Nilimuuliza mara mbili kama anaumwa. Alisema, "Siko mugonjwa," akaendelea na cherehani yake. Nikajiambia ni umri, au ni mgongo, kwa ajili ya kuinama kutwa nzima.

Jumamosi moja asubuhi kompyuta ilikataa kabisa, nami nilikuwa na maswali ya kupeleka shuleni Jumatatu. Nilimwita jirani yetu, mzee aliyestaafu kazi ya reli. Zamani alikuwa fundi wa simu na ishara pale stesheni. Siku hizi anatengeneza redio, betri za paneli za jua, na kompyuta za mtaa mzima. Alikuja na baiskeli yake, akaiegemeza ukutani, akaketi mbele ya skrini bila kuvua kofia. Mke wangu alikuwa ameenda sokoni kutafuta uzi na zipu.

Aliitazama ikiwaka na kuzimika mara tatu.

"Mwalimu, nani aliweka antivirus ya pili humu?"

"Minyi, muzee. Mwenzangu wa masomo alinipatia ku clé yake, ile flashi."

"Na ya kwanza ulitosha, uliiondoa?"

"Hapana. Nilizani mbili zinalinda muzuri kupita moja."

Alicheka bila sauti. "Uliweka balinzi babili mu lupango ya nyumba moja, na hawajuane. Machine ikiamuka tu, kila mumoja anamukamata mwenzake, anazani njo mwizi. Njo maana haiwake."

Aliiwasha tena huku akigongagonga kitufe kimoja cha safu ya juu, mpaka skrini ikaja nyeusi na maandishi machache. Hiyo, alisema, ndiyo "mode sans échec": mashine inaamka na vitu vyake vya lazima tu, mengine yote yanaachwa yamelala. Akafungua orodha ya programu zinazoamka pamoja na kompyuta, akaanza kuondoa alama moja baada ya nyingine. Nyingine sikujua hata ziliingia lini. Mwisho akazizuia antivirus zote mbili, akawasha upya.

Ikawaka. Hakukuwa na ujumbe mwekundu wala kuzimika. Nilitaka kupiga makofi.

"Sasa tutoshe hii nilipewa," nikasema.

"Ngoja kwanza." Alinishika mkono. "Mbele ya kuitosha, tuangalie karantini yake. Ikitoka, inatoka na bintu yote ilifunga. Hautabiona tena."

Sikuelewa. Akanieleza kwamba antivirus ikishuku faili, mara nyingi hailitupi papo hapo. Inalichukua mahali lilipokuwa na kulifungia pembeni, na mwenye mashine akilitafuta anaona limetoweka. Nikakumbuka. Miezi minne nyuma nilirudi na clé yangu kutoka kwa mtu anayetuchapishia karatasi karibu na stesheni. Nilipoichomeka, dirisha lilifunguka na orodha ndefu ya vitisho. Chini kulikuwa na kitufe cha kusafisha vyote. Nikakibonyeza bila kusoma, nikaenda kula, nikijiona fundi.

Tulifungua karantini. Mengi yalikuwa maswali yangu ya miaka iliyopita. Manne yalitoka folda ya Couture: "kola 1", "kola 2", "kola 3", "kola 4".

"Haya haiko mapicha," mzee alisema. "Haya ni maandiko. Virusi ilitoka ku clé yako, ikaingia mu hayo. Lakini tunaweza kuisafisha."

Tulitumia intaneti ya simu yangu kuisasisha antivirus ya kwanza, tukaitoa ile ya pili baada ya kuyarudisha mafaili, na ya kwanza ikayasafisha moja moja. Matatu ya mwanzo yalikuwa vipimo vya wateja. La nne lilikuwa kubwa.

"Fungula," mzee alisema. "Tuone kama iko nzima."

Nikafungua, nikitegemea kuona vipimo vya shingo na mabega. Mstari wa kwanza ulisema: *Bwana yangu, ninaandika humu juu kinywa kinakatala.*

Mzee alisoma huo mmoja tu, akasimama. "Hii haiko ya macho yangu," akasema, akatoka nje kukagua betri ya paneli ambayo haikuwa na ubaya wowote.

Zilikuwa kurasa kumi na moja. Mke wangu, ambaye nilidhani anaweka humo picha za magauni, alikuwa amekaa mbele ya mashine ile mchana baada ya mchana nikiwa shuleni, akiandika.

Nilijua kwamba mwaka ule watu wenye asili ya Kasai walipofukuzwa mkoa wetu wa Katanga, hapa Kongo, familia yake ilitoka Likasi kwa treni. Alikuwa na miaka tisa. Nilijua walipita Kamina, kama walivyopita wengine wengi. Nilijua ana dada mmoja, Mbuji-Mayi. Tulikuwa na miaka kumi na tisa ya ndoa na niliamini najua yote. Sikujua kulikuwa na mdogo wake wa kiume, wa miaka mitatu. Aliandika jinsi treni yao ilivyokwama hapa siku nyingi, jinsi walivyolala chini kando ya reli, jinsi mtoto alivyoshikwa na surua na kukohoa mpaka sauti ikakauka. Treni ilipoondoka hatimaye, mtoto akafa njiani, akaachwa kwenye stesheni ndogo ambayo mke wangu hakujua jina lake.

Kisha nikafika ukurasa wa sita. *Bijana ba Kamina balikuwa banakuya kutuangalia. Balikuwa banapanda ku ukuta, banakula muwa, banacheka vile mama yetu anatuosha mbele ya bantu.*

Mwaka ule nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Ukuta ule naujua, nyuma ya ghala la stesheni. Nilikuwa napanda pale na wenzangu baada ya shule. Muwa tulikuwa tukinunua njiani.

Niliendelea kusoma. Aliandika kwamba aliporudi Kamina akiwa msichana, kumfuata shangazi yake aliyekuwa akiuza vitambaa, alikuwa na chuki na mji huu. Kwamba aliponikubali alikuwa bado nayo, na kwa miaka ya kwanza alinipikia akiwa nayo. Kwamba ilimtoka polepole, hajui lini. Na mwisho kabisa: *Kama unasoma hii na unabakia na minyi, uniambie. Kama hauwezi, ufute. Sitakuuliza kitu.*

Nami nilikuwa nimebonyeza kitufe cha kusafisha vyote, nikaenda kula.

Niliposikia mlango, mke wangu alikuwa amesimama na mfuko wake wa uzi, macho kwenye skrini.

"Ulifuta," alisema. "Ni miezi ine. Juu ya nini unairudisha leo?"

"Mama, sikufuta. Hata sikusoma. Ni leo tu njo naona."

"Usinidanganye. Nilikuachia mu machine mangaribi, asubuhi yake nikatafuta mu folda, haiko. Nikajua umenijibu."

Nilimwonyesha skrini. Nilieleza vibaya, maneno yakigongana, clé, virusi, karantini. Hakuniamini. Ilibidi mzee aitwe kutoka nje, naye, bila kutazama mtu usoni, akamwonyesha taarifa ya karantini, ambayo alikuwa ameihifadhi: jina la faili, siku lilipofungwa, saa. Mke wangu alisoma siku ile kwa kidole. Akaketi sakafuni pale pale, na zipu zikamwagika.

"Kumbe," akasema. "Nilikulilia miezi ine, na uko muzima."

Mzee alichukua baiskeli yake akaenda zake. Nami niliona kwamba nisipolisema lile lingine wakati ule, sitalisema tena.

"Mama, ule ukuta. Minyi pia nilikuwa ku ule ukuta."

Aliinua kichwa.

"Ulikuwa unacheka?"

Ningeweza kusema hapana. "Ndiyo," nikasema. "Nilicheka. Bote tulicheka."

Alitoka. Nilimsikia jikoni nyuma ya nyumba akisogeza sufuria bila kupika. Aliporudi aliuliza jambo moja tu: kama nilimwona mtoto mdogo mwenye shati la njano. Nilitafuta kichwani kwangu kwa nguvu zote, nikitamani nimkute humo. Sikumkuta. Nilikumbuka muwa na kicheko na kundi la watu. Sikukumbuka sura ya mtu hata mmoja. Nikamwambia hivyo. Akatikisa kichwa, kama mtu aliyelitegemea jibu hilo, akaanza kuokota zipu zake sakafuni.

Jumapili baada ya ibada alimpigia simu dada yake. Walizungumza Kiluba cha Kasai, nami kwa Kiluba chetu nilishika maneno mawili matatu tu. Nilimwona akisimama, akiketi, akisimama tena. "Yaya! Yaya!" alikuwa akiita, neno lao la dada mkubwa, kama dada yake yuko ng'ambo ya mto. Simu ilipokatika aliiweka juu ya cherehani.

"Hakukufia mu njia," akaniambia. "Alikufa hapa. Hapa Kamina."

Dada yake, aliyekuwa na miaka kumi na mitano wakati ule, alikuwa pamoja na baba yao walipomzika alfajiri, kabla treni haijaondoka, na mfanyakazi mmoja wa reli aliyewapa koleo. Baba alimwambia mama yao kwamba mtoto amewekwa behewa la mbele na wagonjwa wengine. Aliogopa kwamba akijua ukweli hatapanda, na treni nyingine haikuwa na uhakika. Mama aliambiwa walipofika Kasai. Mke wangu, mtoto wa miaka tisa, alikisikia kilio kule, akajitungia mwenyewe ile stesheni ndogo. Dada hakuwahi kujua kwamba mke wangu hajui.

Miaka ishirini na mmoja mke wangu ameishi katika mji huu. Amepita pale stesheni na vitambaa kichwani sijui mara ngapi.

Dada alikumbuka alama mbili: mahali ambapo reli ya kwenda Kabalo inaachana na ile ya Kasai, na tangi la maji. Tangi halipo siku hizi, lakini mzee jirani yetu alijua lilipokuwa. Alitupeleka Jumatatu mchana. Maswali yangu hayakufika shuleni.

Tulikuta shamba la mihogo. Mama mmoja alikuwa akilima, akatuuliza tunatafuta nini. Nilianza kutunga maneno, mke wangu akanitangulia.

"Tunatafuta mutoto mwenye alizikwa hapa, mwaka wa kufukuzwa."

Yule mama aliangusha jembe. Alitutazama mmoja mmoja, kisha akanyoosha mkono kuelekea upande wa reli, ambako mihogo iliishia na majani marefu yakaanza.

"Kule hatulime," akasema. "Mama mukwe wangu alinikataza. Alisema, kule kuko bantu ba train. Nilizani ni hadisi tu."

Bantu. Wengi. Mzee alivua kofia, nami sikuweza kutambua kama yeye pia hakuwa akijua, au alikuwa amejua na kunyamaza. Sikumuuliza.

Mke wangu aliacha viatu mwisho wa mihogo akaingia kwenye majani. Hakuenda mbali, kwa sababu hakuna aliyejua pa kukanyaga. Alisimama akamwita mdogo wake kwa jina, mara tatu, kwa sauti ya kumwita mtoto aje kula. Jina hilo lilikuwa limeandikwa kila ukurasa wa zile kumi na moja, lakini kwa masikio nililisikia hapo mara ya kwanza.