Shitingi Moja na Picha ya Jana

Ujinga wangu ulikuwa huu: nilimuonyesha maman picha ya satelite ya jana, nikamwambia ni ya asubuhi hii.

Kwetu Cimpunda, nyumba imeegemea mulima kama mulevi. Tuko na shitingi moja tu, ile plastiki nzito ya buluu. Siku ya mvua inafunika udongo wa nyuma usituangukie. Siku ya jua maman anaitandika chini sokoni, anapanga juu yake nguo za chaguwa, zile wazungu walichoka kuvaa. Kila asubuhi lazima kuchagua: ukuta ama soko.

Kazi ya kuchagua nilijipa mwenyewe. Mwalimu wa jeografia alitufundisha kwamba satelite inapiga picha za mawingu tena na tena. Ukizifuata kwenye simu, moja baada ya ingine, unaona mvua inaelekea wapi. Na kweli, maman akinisikiliza alikuwa anachagua sawa. Nikaanza kutangaza kwa sauti ya redio: "Wasikilizaji wapenzi, Cimpunda leo jua kali, wenye vipara wafunike." Jirani mwenye kipara alikuwa ananirushia kandambili.

Asubuhi ile mega za intaneti kwenye simu zilikuwa zimeisha. Nilizimaliza kwa video za watu wanaoanguka. Picha ya jana ndiyo ilibaki, safi, bila wingu. Maman alisimama mulangoni na shitingi mikononi, anaangalia upande wa ziwa.

"Papa, uko na hakika?" aliniuliza; Papa ndiyo jina lake la kunibembeleza.

"Maman, satelite iko juu ya mawingu, wewe uko chini. Nani anaona muzuri?"

Alicheka. Akaenda sokoni nayo.

Mvua ilinikuta darasani. Nilikimbia nyumbani nikijua tayari. Udongo ulikuwa umetoboa ukuta wa nyuma na kulala kwenye kitanda chetu kama mugeni aliyechoka safari. Hakuna aliyekufa. Ila ufa ulifika mpaka mbele, pa kuhamia hatuna, na mvua za musimu huu bado ni nyingi. Hata satelite ingeniambia nini sasa?

Maman alirudi amelowa, nguo zote zimefungwa ndani ya shitingi. Akazimwaga kwenye tope bila kuziangalia, tukafunika tundu. Alipomaliza kufunga kamba ya mwisho, ndipo akasema:

"Mawingu niliyaona asubuhi. Nikasema mutoto wangu anasoma, acha niamini yeye."